Mzaha Niliouamini Mwenyewe

Ule wimbo niliutunga mimi. Naanzia hapo kwa sababu miaka mingi, nikihadithia wajukuu mambo ya Imajensi, ile hali ya hatari ya Mzungu, nilikuwa naanzia mahali ambapo mimi ni mtu mzuri, na mahali hapo ni padogo sana, hadithi inaisha chai bado ni moto.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa hivi. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja tu, bwana yangu akachukuliwa na lori la askari pamoja na wanaume wengine wa upande wetu, nikabaki na mama yake, mzee mkavu kama kuni, ambaye hakuniamini hata kuchemsha maji. Skuli nilifika standadi tatu nikatoka. Sikufukuzwa. Ni mimi na hesabu ya kugawanya tulikosana, na yeye ndiye aliyebaki darasani. Lakini mdomo nilikuwa nao. Mungu alipokuwa anagawa akili, nafikiri mimi nilikuwa kwa laini nikichekesha wenzangu.

Tuliishi huku juu, si mbali na Kibugu, chini ya msitu. Nyumba zetu za zamani zilikuwa zimechomwa, tukaletwa wote kijiji kimoja, nyumba juu ya nyumba, ili watu wa msitu, wale waliopigana na Mzungu, wasipate chakula kwetu. Kuzunguka kijiji tulilazimishwa kuchimba mtaro, mpana kiasi mtu asiweze kuruka, na chini yake tupande vijiti vilivyochongwa. Wachimbaji ni sisi wamama. Wasimamizi ni homugadi, walinzi waliowekwa na Mzungu, na hao hawakuwa wageni. Mmoja nilicheza naye kwa vumbi tukiwa wadogo, sasa ana bunduki na ananiita "wewe mwanamke."

Asubuhi mpaka saa sita ni mtaro. Baada ya hapo tunafunguliwa lango, tunaenda shamba masaa machache tukichungwa, tunarudi.

Kwa mtaro tuliimba. Si kwa furaha. Mmoja anatupa mstari, wote wanaitikia, majembe yanashuka pamoja. Ukinyamaza jembe lako linabaki nyuma, na jembe likibaki nyuma homugadi anakuja kukuuliza una mawazo gani. Kwa hivyo kuitikia haikuwa hiari. Hata mgonjwa aliitikia. Na mwenye kutupa mstari, kwa sababu ya huo mdomo, nilikuwa mimi. Bibi arusi, waliniita, hata mwaka mzima baada ya arusi. "Bibi arusi, tupa!" Nami natupa. Nilijiona kama chifu wa matope.

Tena kulikuwa na habari ya moto. Kiberiti kilikuwa taabu. Ukikutwa na viberiti viwili unaulizwa hicho cha pili ni cha nani huko msituni. Basi asubuhi mtu anatazama ni paa gani linatoa moshi, anachukua kigae cha chungu kilichovunjika, anaenda kuomba kaa moja la moto. Hakuna aliyekunyima. Kunyima mtu moto ilikuwa kumwambia yeye si mtu.

Jirani yangu alikuwa mama mmoja aliyetoka Mbeere, kule chini karibu na Siakago, akaolewa huku kwetu. Mwanamume wake alipanda lori lile lile na wangu. Alikuwa na mtoto mmoja, msichana wa miaka mitatu hivi. Tulimwita Mumbeere tu, kana kwamba wengine wote hawapo. Nyumba yake na yetu zilikuwa na ukuta mmoja, kwa sababu tulijenga kwa haraka na miti haikutosha, na matope ya ukuta huo yalikuwa yamepasuka tukaweza kusikiana hata kumeza mate. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mimi nilikuwa na yangu na yake.

Sasa, siku moja homugadi walipata ndizi. Mkungu mzima, umefichwa kwa majani mwisho wa shamba, upande wa msitu. Kila mtu alijua ulikuwa wa nani na unaenda wapi, hata mimi, na mimi ndiye mtu wa mwisho kuambiwa siri pale kijijini, unaweza kukisia kwa nini. Walichukua wanawake watatu wakawapeleka posti, kambi ya homugadi. Walirudi jioni wakitembea kama wazee. Mmoja, msichana wa rika langu, mkono wake ulikuwa umevunjika. Na sisi wote tukafungiwa lango wiki moja, hakuna kwenda shamba.

Wiki hiyo kijiji kilikuwa na swali moja tu. Ni nani alisema?

Hakuna aliyeuliza kwa sauti. Lakini ulikuwa ukiinua macho unakuta mtu alikuwa anakutazama, anashusha. Nilikuwa naenda choo nikijiuliza natembea kama msaliti au natembea kama mtu wa kawaida. Jaribu siku moja kutembea kama mtu wa kawaida, utaona miguu inavyogombana.

Siku ya tatu ya hiyo wiki tuko ndani ya mtaro, kimya, wimbo umelegea. Kila mmoja alikuwa amepimiwa kipande chake kwa fimbo. Mumbeere, ambaye kwao udongo ni mgumu kama sufuria, alikuwa anachimba huu wetu laini kama anakula uji. Alimaliza kabla yetu wote, akapanda juu, akaenda kwa homugadi akamwomba maji kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. Yule homugadi akacheka hicho Kiswahili, akampa.

Nami nikaona nafasi. Watu wamenuna siku tatu, mimi ndiye wa kuchekesha, na sijachekesha. Nikatupa:

"Mumbeere amemaliza, amemaliza mapema!"

Wakaitikia, "Ehe!"

"Ana haraka ya kwenda wapi?"

"Ehe!"

"Ana habari ya kumpelekea bwana!"

Mtaro mzima ukapasuka kwa kicheko, maana bwana ni yule homugadi wa maji. Wamama walishika viuno. Kwa Kiembu ilikuwa tamu zaidi, kwa Kiswahili imebaki mifupa tu. Hata Mumbeere alicheka kule juu na kunirushia bonge la udongo. Nilifurahi, siwezi kukudanganya. Nilirudi nyumbani nikijisikia nimelisha watu.

Kesho yake sikuutupa mimi. Ulitupwa na mama wa yule msichana wa mkono, mama mnene mwenye sauti ya kuvuka mto. Wakacheka, lakini kidogo. Siku iliyofuata ukatupwa tena, na hakuna aliyecheka. Wanaitikia tu, "Ehe," majembe yanashuka. "Ana habari ya kumpelekea bwana." "Ehe." Puu. Mimi pia niliitikia. Nikatazama mstari wa wamama, nikaona Mumbeere, kichwa chini, anachimba polepole sasa, ili asimalize mapema. Na mdomo wake unaitikia na sisi.

Nikajaribu kutupa wimbo mwingine, ule wa mvua. Nilifika maneno matatu. Wakaimba juu yangu.

Kwa mfereji wa maji nikaanza kusikia mambo. Ati Mumbeere alionekana akipeleka uji posti kwa kibuyu. Ati mtoto wake ana chumvi mdomoni kila siku, na chumvi hiyo inatoka wapi? Ati watu wa kule chini hata lugha yao, ukisikiliza vizuri, haina neno la kukataa. Hilo la mwisho lilisemwa na mtu ambaye mama yake mzazi ametoka huko huko Mbeere. Nami nikasikiliza, nikatingisha kichwa. Nikasema, "Na mimi nilishangaa vile alimaliza haraka."

Ndiyo. Nilisema hivyo, mimi mwenyewe. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba huo mto ulianzia mdomoni mwangu. Ulikuwa umepita kwa watu arobaini, kila mmoja ameongeza maji yake, ukanirudia mkubwa hivi, nikafikiri, watu wengi namna hii hawawezi kudanganya. Nikaanza kusikiliza ukuta. Akikohoa, nasikia siri.

Halafu siku lango lilipofunguliwa, tukiwa njiani kwenda shamba, yule homugadi wa vumbi la utotoni akaanza kucheka peke yake. Akatuuliza, "Nyinyi wamama, mnajua ni nani alitupeleka kwa zile ndizi?"

Tukaendelea kutembea.

"Tumbili!" akasema. "Ndizi zimeiva, tumbili wanapigana huko kwa majani kama wako kwa baraza. Sisi tumefuata kelele tu. Mnaficha ndizi mbivu? Nyinyi ni wajinga namna gani?"

Nilitaka kucheka. Kicheko kilikuwa kimefika hapa, kooni. Nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Hakuna uso uliosogea. Nikakimeza, kikaniwasha mpaka shamba.

"Umesikia?" mama mnene akaniambia kwa sauti ya chini. "Anamfunika. Kama hakuwa ni yeye, kwa nini wamtafutie tumbili?"

Na unajua, nikaona ana maana. Ndivyo nilivyokuwa. Ukweli ulipita mbele yangu ukiwa na mkia na mikono minne, nikauambia nenda.

Asubuhi iliyofuata ndipo walipomnyima moto. Nilimwona kupitia mlango wetu na kigae chake. Nyumba ya kwanza wakasema wao pia umezimika, na moshi unatoka kwa paa. Ya pili hawakujibu. Ya tatu mtoto alitumwa kufunga mlango. Akageuka, akatazama mlango wetu. Mama mkwe wangu alikuwa ametoka kuchota maji. Tulikuwa mimi na moto. Nikajifanya natafuta kitu chini. Sikuwa nimepoteza kitu, lakini nilikitafuta sana.

Siku mbili walikula baridi. Huko kwetu chini ya msitu baridi ya asubuhi inaingia mpaka kwa meno. Siku ya tatu alfajiri nikasikia yule mtoto kwa ukuta, halii kwa nguvu, analia kile kilio cha kuchoka, na mama yake anamwambia, "Subiri, jua litatoka." Mambo yote niliyokuwa nayaamini yalikuwa bado hapo kichwani, hayakuondoka. Lakini mkono ulichukua kijiti, ukapanua ule ufa wa ukuta, ukasukuma kigae na makaa mawili upande wa pili. Nikasikia tu anapuliza.

Nikajiona malaika. Nilitembea kwenda mtaroni nikijipongeza, nimefanya wema na hakuna aliyeniona, nimekula pande zote mbili.

Tukachimba kidogo. Kisha mama mnene akasimamisha jembe, akaelekeza kidevu kijijini. "Tazameni lile paa."

Paa la Mumbeere lilikuwa linatoa moshi. Alikuwa ameacha mtoto na uji motoni.

"Nani amempa moto?" akauliza. "Wewe?" "Si mimi." "Wewe?" "Mimi? Apana!" Alipita mstari mzima. Akafika kwangu. "Bibi arusi, nyinyi ni ukuta mmoja. Ni wewe?"

Hapo palikuwa mahali pa mtu mzuri kusema ukweli. Nikasema, "Mimi? Mimi moto wangu wenyewe unanishinda kuwasha, muulize mama mkwe." Wakacheka. Nilichekesha watu nikijificha nyuma ya kicheko chao.

"Basi," mama mnene akasema, "kama si sisi, ni kiberiti. Na kiberiti kinatoka posti." Akageukia wale waliokuwa karibu, akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa karibu. "Kesho tukifunguliwa kwenda shamba la upande wa msitu, jina lake linapanda."

Kupanda ni kwenda msituni. Jina likifika huko juu kwamba mtu fulani anasema, huyo mtu hapelekwi kortini. Wote tulijua mmoja alivyopatikana njia ya kuelekea Karurumo na kamba shingoni. Mumbeere alikuwa hatua kumi kutoka hapo, anachimba polepole, anaitikia. "Ehe."

Sijui nilichimba nini siku hiyo. Jioni niliketi mbele ya moto nikakaa. Mama mkwe alikuwa ananitazama. Akasema, "Kigae chetu kiko wapi?"

"Kimevunjika."

"Kilikuwa kimevunjika tangu zamani, ndiyo maana kinaitwa kigae. Kiko wapi?"

Nikalia. Nikamwambia yote, wimbo, makaa, kesho. Nilimaliza nikasema, "Lakini mama, labda ni kweli. Watu wote wanasema."

"Watu wote ni nani?"

"Wote."

"Taja wa kwanza."

Nikaanza kurudi nyuma. Huyu alisikia kwa huyu, huyu kwa yule, yule kwa mtaro, mtaro kwa… kwangu mimi.

"Wewe mtoto wa watu," akasema, "nimekaa na wewe mwaka mzima nikidhani wewe ni mjinga tu." Hakuendelea. Akalala. Nikaona amemalizana na mimi.

Asubuhi, bado hakujapambazuka vizuri, niliamka kwa sauti ya ssss. Mzee amesimama na kibuyu, amemwaga maji yote motoni. Majivu yamekuwa matope.

"Mama! Sasa tutapika na nini?"

"Hatuna moto. Nenda ukaombe."

"Kwa nani?"

"Kule ulikopeleka. Na pitia mlangoni, si kwa tundu kama panya." Akanipa kigae kingine. "Nenda wakati watu wamesimama nje. Ukichelewa naenda mimi, na magoti yangu unayajua."

Mimi nikikuambia nilikuwa shujaa, huyo mzee atafufuka anipige na mwiko. Nilisukumwa. Toka mlango wetu mpaka mlango wa Mumbeere ni hatua labda kumi na tano. Watu walikuwa nje wakingoja kuhesabiwa, majembe mabegani. Hatua ya kwanza hakuna aliyejali. Ya tano wakanyamaza. Ya kumi nikasikia mtu anasema, "Huyu anaenda wapi?" Nikafikiri nitaanguka na kigae, na kwamba itakuwa jambo la kuchekesha sana, na kwamba sitaki mtu yeyote acheke.

Nikabisha. Mumbeere akafungua. Akaona kigae, akaona watu nyuma yangu, uso ukageuka kama majivu. Alifikiri nimetumwa.

Nikasema kwa ile sauti ya mtaro, ambayo ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho, "Jirani, nimekuja kuomba moto. Wetu umezimika. Ule niliokupa jana kwa ufa wa ukuta, nigawie kidogo."

Majembe yakashuka mabegani.

Mama mnene akasukuma watu akaja mpaka mgongoni kwangu. "Ni wewe ulimpa?"

"Ni mimi."

"Jana umekataa."

"Jana niliogopa. Leo pia naogopa, lakini mama mkwe amemwaga maji." Hakuna aliyecheka. Nikageuka nimtazame. "Na wimbo pia ni mimi. Nilitaka mcheke. Sikuona kitu, sikusikia kitu, alikuwa anaomba maji. Kama kuna jina la kupanda leo, pandisheni langu, ndilo la aliyesema."

Mama mnene alinitazama. Yule mama binti yake alivunjwa mkono, alihitaji mtu wa kumbebesha huo mkono, na mimi nilikuwa nimempa mtu, sasa namnyang'anya. Akasema polepole, "Wewe, bibi arusi, usiniimbie tena. Usitupe mstari mbele yangu mpaka nife." Akatema mate chini, akaenda kwa mstari.

Nyuma ya wote nikaona mama mkwe anakuja, magoti yakilia, na chungu chetu kichwani. Akapita katikati ya watu bila kusalimu. Akaingia kwa Mumbeere na kuketi mbele ya moto wake, akauliza, "Uji umebaki?" Kama mtu aliyekuja kila siku.

Mchana lango likafunguliwa. Nilitembea nikihesabu nani anaachwa nyuma, nani anakohoa, nani anasogea upande wa msitu. Tukalima. Tukarudi. Siku hiyo hakuna kilichopanda, na siku iliyofuata pia, na mwezi. Mpaka leo siwezi kukuambia ni maneno yangu au ni yule mzee kuketi kwa ule moto. Mimi najua, lakini sisemi, kwa sababu sitapata sifa.

Kwa mtaro nilinyamazishwa. Nikitupa mstari hakuna anayeitikia. Unajua sauti yako ikishuka peke yake ndani ya mtaro, inavyorudi? Nilichimba wiki moja nikijisikia. Moto hawakuninyima, kwa sababu sikuenda kuomba kwa mwingine. Mumbeere alianza kuitikia siku ya nane hivi, peke yake, sauti ndogo. "Ehe." Wamama wakageuka kumtazama. Akaendelea. Baadaye wakaitikia wawili watatu wa upande wetu, halafu wengine. Mama mnene hakuitikia hata siku moja, na alikuwa na haki.

Nilimwomba Mumbeere msamaha mara nyingi, na kila mara nilitia mzaha ndani ili upite vizuri. Alikuwa ananisikiliza tu. Miaka mingi baadaye, vijiji vimevunjwa, wanaume wamerudi, wale waliorudi, tulikuwa tunaambua maharagwe kwake. Nikamuuliza jambo lililonisumbua. "Kwa nini ulikuwa unaitikia? Wimbo ni wako, wa kukuua, na wewe unaitikia kama kanisani."

Aliambua ganda moja, akaambua lingine.

"Ningenyamaza mngesema ni kweli," akasema. Halafu akasema, "Lakini siku za mwisho, mwenzangu, sikuwa naitikia kwa kuogopa. Nilikuwa nakaa na mtoto kwa giza bila moto, najiuliza, ile siku niliomba maji, nilisema nini kingine? Nilikuwa nakumbuka kama kwamba nilisema kitu. Nyinyi wote mlikuwa na hakika. Nikafikiri labda nilisema."

Nilifungua mdomo nimchekeshe. Ulikuwa mtupu. Nikavuta bakuli lake upande wangu, nikaendelea kuambua, yake na yangu.